Jua Lililotembea Kinyumenyume

Hapa kwetu Aarhus, Denmark, kwenye idara ya kuchunguza jua, anayeharibu kazi huleta keki. Ukifuta data ya wenzako, keki. Ukimtumia mkuu wako ujumbe wa mapenzi uliokuwa wa mtu mwingine, keki mbili. Watu wanakula, wanakucheka, mambo yanaisha. Ndiyo maana Villads aliingia asubuhi ile amebeba keki ya chokoleti kubwa kama gurudumu la baiskeli, masikio yamemwiva.

Jana yake alikuwa amesimama mbele ya wageni kutoka Oslo. Kila mtu kwenye idara yetu anajua kwamba ncha za sumaku ya jua hubadilishana mahali baada ya miaka kama kumi na moja. Villads alikuwa na modeli ya kompyuta iliyosema zinabadilishana kila miezi mitatu, kisha zinarudi. Gudrun, mkuu wetu, alitabasamu kana kwamba jua lenyewe kaliumba yeye.

"Hebu tuonyeshe madoa," akasema Ragnhild, mmoja wa wageni, kwa upole wa daktari wa meno. "Ncha zikigeuka, madoa ya jua yanatembea vipi?"

Villads akachezesha picha. Madoa, ambayo siku zote huenda kutoka kushoto kwenda kulia, yakaanza kurudi nyuma kama watu waliosahau funguo nyumbani.

Antena ya setilaiti inayotupigia picha za jua ilikwama zamani, kwa hiyo kila miezi mitatu waongozaji huipindua, kichwa chini miguu juu, ili iendelee kuzungumza na dunia. Picha nazo huja zimepinduka, na kila picha inakuja na maelezo yanayosema hivyo. Programu ya Villads haikuyasoma. Jua halikugeuka, iliyogeuka ni kamera.

Kwa hiyo, keki.

"Kaka, umelipindua jua zima!" mwenzetu Torkild alimpokea. "Mimi nyumbani hata godoro linanishinda!"

"Kata kipande kikubwa," nikaongeza, "ila angalia usikishike kichwa chini."

Tulicheka. Hata Gudrun alicheka, na Villads akaanza kupumua. Kisha akampelekea Sidsel, mwenzetu mwingine, sahani ya keki.

Sidsel hakuipokea. Naye alikuwa na modeli, na modeli yake haikuona mchezo wowote wa miezi mitatu. Majira ya kuchipua, wakati wa kahawa, Villads alimwambia mbele yetu sote, "Dada, modeli yako ni kipofu. Inunulie fimbo." Tulicheka siku ile pia. Gudrun akamwamuru aitupe na aanze upya, na nafasi ya kuzungumza na wageni akapewa Villads.

"Keki hii ni ya kosa la programu," Sidsel akasema. "Ya kosa ulilonifanyia mimi hujaioka bado."

"Sidsel, ule ulikuwa utani tu."

"Faili langu ulilifungua? Hata mara moja?"

Villads akaitazama ile sahani mkononi mwake. Angeweza kudanganya, nani angejua?

"Hapana," akasema.

Masikio yakaniwaka moto na mimi, ambaye siku ile nilikuwa nimecheka tu. Torkild alikuwa na keki mdomoni na hakujua aitafune au aiteme.

"Wageni wanaondoka mchana," Sidsel akasema. "Wanaamini idara nzima haijui upande wa juu wa jua ni upi."

Villads alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mikutano. Tukamfuata, wengine na sahani zao. Ragnhild alikuwa anavaa koti.

"Samahani," Villads akasema. "Kuna modeli hapa ambayo ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Ya Sidsel. Niliiita kipofu na sikuwahi kuitazama. Jana aliyepaswa kusimama hapa ni yeye."

"Nami ndiye niliyemwambia aitupe," Gudrun akasema, akiangalia zulia.

Ragnhild akavua koti. "Bado ipo?"

"Ipo," Sidsel akasema. "Sikuitupa."

Akafungua kompyuta yake. Grafu ilikuwa mstari mtulivu, unaoteremka polepole mwaka hadi mwaka, kitu cha kumpa mtu usingizi. Wageni wakasogeza viti karibu. Walimwuliza maswali, akajibu moja baada ya jingine bila haraka, na Villads akayasikiliza yote akiwa amesimama ukutani. Viti vitupu vilikuwepo. Hakuna aliyemwambia akae, naye hakuthubutu kuuliza.