Mapigo Themanini ya Bibi Nambua

Ni mchana kweupe, na Tumsifu anaketi kwenye benchi la chumba cha wauguzi avue viatu tu, lakini kabla kiatu cha kwanza hakijagusa sakafu, kabati la mashuka linafunguka na tayari yumo barabarani, barabara nyeupe iliyotandikwa kama kitanda kipya, isiyo na mwisho. Mbele yake inatembea namba themanini, nene, yenye haya. Anaijua. Ameiandika yeye asubuhi kwenye chati ya Bibi Nambua, mahali pa mapigo ya moyo, bila kumshika mkono, kwa kuwa wodi ilijaa na bibi alikuwa akicheka vizuri tu. Kwa namba hiyo bibi ataruhusiwa kwenda nyumbani saa kumi, na kesho Tumsifu anakula kiapo cha uuguzi.

Mbona wanifuata, nesi? namba inauliza. Nitafutie mwenyewe, mimi sina mtu.

Barabara inajikunja na kuwa mji wa vioo, kila nyumba wodi, kila wodi imejaa mashine zenye mikono laini, zinapima, zinagawa dawa, hazichoki. Muuguzi asiye na uso anawapokea. Huu ni mji wa kesho, dada, anasema, mashine zinaweza mambo yote isipokuwa moja. Lipi? Hilo wamekuachia wewe. Tumsifu anajitazama kiooni na kuona sare safi, juu yake hakuna uso. Namba hii nimeibuni, anasema, sikumpima. Hapo uso unaanza kurudi, masikio kwanza, kisha mdomo, na mashine moja inapiga makofi. Pazia linavutwa, na Bibi Nambua yuko kitandani, mkono umeshanyooshwa. Shika basi, mjukuu wangu, nilidhani unaogopa harufu ya vitunguu mkononi mwangu! Tumsifu anahesabu dakika nzima. Mia moja na kumi na mbili, moyo unakwenda mbio mno. Themanini inapiga chafya na kuyeyuka.

Kiatu kinagusa sakafu. Tumsifu anakimbilia wodini na kiatu kimoja. Kwenye chati, themanini imekatwa kwa mstari mmoja, pembeni yake mia moja na kumi na mbili, na saini yake mwenyewe, wino haujakauka.

Umerudi tena? Bibi Nambua anacheka. Si umenishika sasa hivi, na daktari umeshamwita? Na kiatu umemwachia nani?

Tumsifu anautazama mguu wake mtupu, anaitazama saini, hajui aamini kipi.

Hata kama, bibi, anasema. Lete mkono.

Moja. Mbili. Tatu.