Sindano Tatu za Kijiji

Pelagia alikalia kiti cha mgonjwa kwa mara ya kwanza, ingawa alikuwa amekifuta miaka tisa. Macho yake yalishakuwa ya manjano kama ndizi mbivu. Pale zahanati, huko vijijini Kibondo, yeye ndiye alikuwa mfagizi, mchota maji na mchemsha sindano. Cheo kirefu, mshahara mfupi.

Daktari Shamsi, dada wa Dar aliyekuja na utafiti, alifungua faili. "Mama, majibu ya damu yamerudi. Una homa ya ini, ile C. Vimeng'enya vya ini vimepanda mara nne. Yaani ini linaumia."

"Kiswahili hakimkai huyu," alidakia Makarius, mganga wa zahanati. "Sisi Waha wa huku tunakutana nacho kanisani tu. Nitakutafsiria." Yeye na daktari wakacheka.

Pelagia alikuwa ameelewa yote. Lakini Makarius ndiye baba wa ubatizo wa Ange, binti pekee wa Pelagia. Mtu wa nyumbani. Akamwachia atafsiri.

"Muulize kama amewahi kuchanjwa kwa wembe, kuongezewa damu, au kuchomwa sindano isiyochemshwa. Penye shida ya sindano tutaleta mpya."

Makarius akauliza kwa Kiha, bila kuruka neno.

Pelagia akajibu polepole, kwa Kiha hichohicho. Sindano ni tatu, kijiji kizima. Tangu mwaka juzi anazisuuza tu kwa maji ya uvuguvugu, maana mafuta ya taa ya jiko la zahanati yanauzwa dukani kwa mke wa mganga. Hizohizo amechomwa nazo malaria ilipompanda, na zimemtoboa vidole akiziosha. "Mwambie, baba. Waletewe watu sindano."

Makarius alitikisa kichwa kwa huruma. "Anasema wembe. Bibi yake alimchanja chale utotoni. Mila zetu hizi, daktari, zitatumaliza."

Shamsi akatia alama ya vema kwenye fomu. "Na sindano?"

"Hapana."

"Sindano, daktari!" Pelagia alisema kwa Kiswahili. "Hazichemshwi!"

Daktari aliinua kichwa. Makarius akamwekea Pelagia mkono begani, mkono uleule uliomshika Ange siku ya ubatizo. "Anaogopa kutolewa damu tena. Anadhani zako hazijachemshwa."

"Pole, mama. Zetu mpya, tunatumia mara moja tunatupa." Akamsogezea kidau cha wino. "Weka dole gumba hapa, kuthibitisha maelezo yako."

Pelagia alimtazama Makarius. Makarius alimshika kidole, akamsaidia.

Gari la utafiti lilipoondoka kuelekea Kasulu, Makarius aligonga meza. "Mama Ange, lete sindano! Wajawazito wanasubiri chanjo ya pepopunda."

Jiko lilikuwa kavu, halina tone la mafuta. Pelagia alichungulia mlangoni: wanawake kumi na wanne kwenye benchi, na wa kwanza, mimba ya miezi saba, ni Ange, ameshakunja mkono wa gauni.

"Mama, fanya haraka," Ange alisema akitabasamu. "Mgongo unaniuma."

Pelagia alizamisha sindano tatu kwenye sufuria. Wino wa dole gumba ukaanza kuyeyuka, maji yakawa ya bluu. Yalikuwa baridi.