Wiki ya Hoja Pinzani

...na bado anasoma, Mungu wangu, mwanamume huyu bado anasoma kwa sauti, utadhani chumba cha walimu ni kanisa na yeye ndiye aliyepewa somo la kwanza, "Wiki ya kwanza, maana ya insha. Wiki ya pili, aina za insha," na Nabwile ameshika kalamu juu ya karatasi, hajaandika neno, anatazama makombo ya mandazi kwenye ndevu za Muigai na kujiambia tulia, tulia mama, huyu ni mkuu wa idara tu, hajaua mtu... ingawa ndiye aliyepiga simu jana, Jumapili, udongo wa kaburi la Baba bado mbichi, "Madam, pole sana, lakini si unajua mpango wa kozi unatakiwa Jumatatu," pole sana lakini, na ile lakini ndiyo iliyomtoa Bungoma alfajiri akiwa na leso ya msiba kiunoni, ikamleta hapa Kitale kukaa mbele ya mpango ule ule wa zamani, uandishi wa hoja na utafiti, mwaka wa kwanza, ambao kila mwaka huzaa insha ile ile, faida na hasara za simu ya mkononi, faida upande huu, hasara upande ule, mwishoni vyote ni vizuri tukitumia kwa kiasi, hakuna aliyebishana na mtu, hakuna aliyemuuliza mtu chochote, na siku hizi hata kuandika hawaandiki, wanaiambia simu yenyewe iwatajie hasara zake, inazitaja, wanaleta, wanapewa alama.

"Wiki ya tatu, dai," anasema Muigai. "Hapa umetaka tubadilishe nini?" Dai! Nabwile anataka kucheka, au kumwaga chai, anataka kumwambia huyu bwana dai ni nini, dai ni kaka yake Makokha, kifungua mimba wa Baba, Mzee Walubengo, amesimama juzi nyuma ya jiko la Mama kule Mabanga, wanawake bado wanasugua sufuria za mazishi, anasema bila kupepesa macho, "Mzee aliniambia mwenyewe, hapo hospitali. Alisema Mama aende akae kwangu Webuye, na hii shamba tukodishie watu wa miwa." Aliniambia mwenyewe! Kwa mdomo upi? Mzee kiharusi kilimpiga akiwa shambani, kikaondoka na upande mmoja pamoja na ulimi, tangu alazwe mpaka akate roho hakutamka hata jina la mke wake, ukimuuliza kama anataka maji anakubana kidole, basi, Nabwile alilala sakafuni kando ya kile kitanda, anajua, na ukoo mzima unajua, walipita wodini mmoja mmoja wakaombea ule mdomo ufunguke na haukufunguka, halafu watu hao hao wakasimama nyuma ya jiko wakamsikia Makokha akisema aliniambia, wakaitikia kwa vichwa, na mmoja wao, mtu mzima na meno yake, akasema eeh, basi Mzee ametuachia neno.

"Madam, uko?" Niko, anasema, nipo, na anaandika kwa nguvu mpaka kalamu inatoboa karatasi, wiki ya tatu dai na ushahidi, pamoja, wiki moja, kwa sababu katika mpango huu wa zamani ushahidi unangoja wiki ya saba, baada ya mtihani wa katikati, watoto wa watu wanatembea na madai makavu wiki baada ya wiki, wanayazoea, wanahitimu nayo, wanaoa nayo, wanazeeka nayo, na hao ndio kesho watakaokaa kwenye uwanja wa boma. Kesho ni kunyoa. Kesho familia itanyolewa nywele za msiba, kisha Baba mdogo Wekoye, ndugu yake Mzee, atasimama mbele ya watu wote na kuuliza kama kuna mwenye neno, alitoe sasa, na neno litakalotolewa hapo lisipopata wa kulipinga limepita, hata korti ikija nyuma yake itakuta watu wamelala nalo, ndiyo maana Makokha alipiga simu leo asubuhi kabla Nabwile hajavuka hata geti la chuo, "Dada, kesho ukae tu na wamama. Hizo maneno za Kitale ziache Kitale. Kwani wewe si umeolewa?" Ameolewa, ndiyo, ameolewa, na aliyeolewa ndiye aliyelala sakafuni wodini wakati mtoto wa boma anakuja hospitali na kimfuko cha machungwa kwa mtu asiyeweza kumeza, anakaa dakika chache, anaangalia saa, anaondoka... hatakaa na wamama, hapana, njia nzima kutoka Bungoma alikuwa anapanga atakavyosema, dai la Makokha, halafu ugonjwa wa Mzee, halafu Phelista, muuguzi wa ile wodi, aliyekubali kuja mwenyewe kuwaambia wazee kwamba mgonjwa wake hakusema kitu, atampiga Makokha kwa hoja mpaka atafute pa kushika, tena hadharani, na kichwa chake kikiwa kimenyolewa king'ae.

"Hii ya tano tuitoe," Muigai anasema, kidole kimekaa juu ya mstari, "hoja pinzani. Inawachanganya tu bana. Si ulisoma ile kazi ya mwanafunzi wako Chesang? Aliandika upande wa mpinzani mzuri mpaka mimi sikujua yeye mwenyewe ako wapi." Haitoki, anasema Nabwile, na sauti imepanda hata yeye ameisikia, mwalimu mmoja dirishani amegeuka, haitoki, hiyo ndiyo kazi pekee iliyonifanya nisilale darasani mwaka jana, mwanafunzi anaandika upande wa mpinzani mpaka mpinzani mwenyewe akisoma aseme naam, hivi ndivyo ninavyosema mimi, asipoweza hivyo hajabishana, amepiga kelele. "Haya, haya," Muigai ameinua mikono, "usinichape. Nipe mfano basi tuweke hapo, mfano moja tu, nipeleke kwa principal." Mfano, mifano mingi, na mkono unaandika wenyewe kwa hasira, Mama abaki kwake Mabanga, halafu chini yake, mpinzani anasema... mpinzani ni mwongo, mpinzani ana tamaa, mpinzani anataka kodi ya miwa... anakata. Sheria ni yake mwenyewe. Anaandika tena akiuma meno, mpinzani anasema Mama ana magoti mabovu na maji ni ya kuteremkia mtoni, mpinzani anasema Mama sasa atalala peke yake katika boma ambalo mlango wa nyuma haufungi, mpinzani ana mke anayeitwa Nelima ambaye humpaka Mama dawa magotini kila akija na Mama humwita binti yangu kwa sauti ambayo... anasimamisha kalamu, shenzi, ni hoja nzuri, inaudhi kwa uzuri wake, kwa nini basi hakusema hivyo, kwa nini kumtilia marehemu maneno mdomoni wakati alikuwa na magoti ya Mama... kwa sababu pale uwanjani magoti ya mwanamke hayasikiki, linalosikika ni neno la mwanamume, hata aliyekufa, hata aliyekuwa bubu. Haya, Makokha mwongo mwenye hoja nzuri, na upande wangu je, Mama anataka kubaki, anaandika, Mama anataka, na hapo hapo mkono unataka kuweka pembeni ile alama nyekundu anayowawekea wanafunzi mpaka wamemchoka, nani amesema? umemuuliza?

Jana jioni, Mama amekaa kwenye mkeka anachambua maharagwe, watu wamepungua, na akasema, "Nabwile, mimi naona..." na Nabwile, huku anafunga begi la safari, huku anakereka na Muigai, na Makokha, na kila mtu, akamkata, Mama usisumbuke, wewe nyamaza tu, siku ya kunyoa mimi nitakusemea, na Mama akamtazama kidogo, akarudi kwenye maharagwe yake. Mimi naona. Naona nini? Alitaka kusema nini huyu mama? Hasira inageuka ndani ya Nabwile na haipati pa kukaa ila kwake mwenyewe, yule mzee alizibwa mdomo na ugonjwa, lakini huyu mzima kabisa amezibwa na watoto wake wawili, mmoja anamsemea mfu na mwingine anamsemea aliye hai, na kesho wangesimama kugombana juu ya kichwa chake kilichonyolewa, kila mmoja na mashahidi wake.

"Madam," anasema Muigai, kidole bado kiko wiki ya tano, "mfano?" Sina, anasema Nabwile. "Ati huna? Si umeandika ukurasa mzima?" Nimeandika, anasema, lakini sijamuuliza Mama mwenyewe.