Harufu ya Baba Thakane

Limpho, msimamizi wa mstari wa nne wa mashine katika kiwanda cha nguo, alisimama nyuma ya Mathakane akiwa ameziba pua kwa ukosi wa koti. Mathakane hakugeuka. Alikuwa anapachika zipu kwenye suruali ya jinsi, na ukigeuka kidogo tu mshono unakwenda upogo.

"Mama Thakane, zima mashine."

"Nimalizie hii."

"Zima, dada yangu. Wamelalamika tena."

Mstari mzima hakuna aliyeinua uso. Hata Puseletso, aliyekuwa akila naye sahani moja mchana, alijifanya anatafuta uzi sakafuni. Ndipo Mathakane alipojua nani amelalamika.

"Unanuka bangi," Limpho alisema polepole, lakini mle ndani, kwa kelele zile, watu walikwisha kuzoea kusoma midomo.

"Sijavuta hata siku moja. Unanijua. Tunasali pamoja."

"Mimi nakujua, meneja hakujui. Alipita hapa na wageni wanaonunua mzigo, akaniuliza nani anavuta kazini. Nenda kwa nesi. Akisema u safi, rudi ukae."

Nesi wa kiwanda alimnusa kichwani, mikononi na shingoni, kama mtu anayechagua nyama buchani.

"Nyumbani anavuta nani?"

"Mume wangu. Mgodi ulimrudisha na kifua kimejaa vumbi, hapati usingizi. Akivuta, angalau anasinzia. Siku hizi anavutia nje, nyuma ya nyumba, hata theluji ikianguka. Kwa ajili yangu." Mathakane akasogeza kiti. "Nesi, niambie kweli. Naoga, nafua, naanika juani. Yeye naye anaoga. Mbona haiishi? Majirani wanasema imeingia kwenye damu yake, inatoka na jasho."

Nesi alikuna shingo. "Moshi unashika nywele, nguo, mablanketi, hata kuta. Hilo nalijua. Anayevuta kila siku, pumzi yake itanuka, na wapo wanaosema hata jasho. Lakini kama kweli inatoka mwilini, mama, nisikudanganye, sijui. Wewe yako ni ya nguo na nywele. Chumba chenu ni kimoja?"

"Kimoja."

"Basi ndiyo hiyo."

"Kwa hiyo mimi ni safi."

"Hujavuta, naona. Lakini harufu unayo, mama. Siwezi kumwambia meneja huna."

Aliporudi na jibu hilo, Limpho alimwambia akae nyumbani mpaka harufu iishe.

"Na kiti changu?"

Limpho alitazama dirishani, kule langoni, ambako wanawake walikuwa wamejifunika mablanketi tangu alfajiri wakisubiri mtu atolewe ili mmoja wao aingie.

Nje ya duka la njia panda, vijana wa kampuni moja ya kigeni walikuwa wanasubiri gari lao huku wakila maandazi. Kampuni ilikuwa imepewa kibali cha kulima bangi ya dawa, bondeni, ndani ya nyumba za nailoni zilizozungushiwa seng'enge. Harufu yao ilimfikia Mathakane kabla hajawaona sura. Polisi wawili walikuwa wamesimama katikati yao, wanataniana nao. Mmoja ndiye aliyemkamata Seabata, mume wake, na kiganja kimoja cha majani, akamlaza rumande na kifua kile.

Mathakane alimsogelea msichana aliyevaa ovaroli ya kijani.

"Mwanangu, hawawasumbui na harufu hii?"

"Nani atusumbue, mama? Si ndiyo harufu ya mshahara!" Wenzake wakacheka. "Mama mkwe alikuwa ananiita teja. Nilipomletea jiko la gesi, kimya!"

Polisi nao wakacheka. Mathakane aliwasalimu kwa adabu, akashika njia.

Alimkuta Seabata uani, kifua wazi kwenye baridi ile, beseni la maji mbele yake. Alikuwa anajisugua kwa jiwe la kusugulia miguu. Mbavuni ngozi ilikuwa imechubuka, inatoa damu. Mablanketi yote yalikuwa kwenye waya, yanadondosha maji.

"Baba Thakane! Unataka kufa?"

"Mbona mapema?" Akamtazama usoni. "Wamekufukuza."

"Wamenipumzisha."

"Kwa sababu yangu." Akaliweka jiwe chini. "Sijavuta tangu jana asubuhi. Nilitaka nikushtukize. Njoo, ninuse."

Mathakane aliinama shingoni pake. Akasikia sabuni, maji baridi, na ngozi ya mtu aliyelala naye tangu usichana wake. Akavuta pumzi tena, kwa nguvu. Hakusikia bangi. Lakini hata asubuhi, alipokuwa akivaa, hakuisikia. Wala siku ile wageni walipopita. Pua yake ilikwisha kumzoea mumewe.

"Bado ipo?"

"Sijui, mume wangu. Mimi siwezi kujua."

Seabata alitaka kucheka, kikohozi kikamkata. Kilimkunja mpaka akapiga magoti kando ya beseni. Usiku uliopita alikuwa amekohoa uso ukiwa ndani ya mto ili asimwamshe mkewe, naye Mathakane alikuwa macho, akijifanya amelala.

Akamvisha koti lake mwenyewe, akamwingiza ndani, akamlaza.

"Iko wapi?"

"Nini?"

"Unajua ninachouliza."

"Nimempa Lebusa. Nilimwambia asinirudishie hata nikimlilia."

Mathakane alitoka. Watu walikuwa wamejaa kichochoroni, wanachota maji. Akasimama mlangoni kwa Lebusa, jirani yao, akapaza sauti: "Lebusa! Nipe dawa ya mume wangu!" Mabomba yakanyamaza. Alirudi ameishika kiganjani, wazi, hakuificha mfukoni.

Alipoiona, Seabata alijikokota kuinuka aende nyuma ya nyumba.

"Lala hapo," Mathakane alisema. "Nje kuna baridi."

Alifunga mlango, akafunga dirisha, akamwashia kiberiti. Seabata alivuta akiwa amegeuzia uso ukutani, ili moshi usimfikie mkewe. Mathakane alimzunguka, akajibana katikati ya mume wake na ukuta, akakaa.