Kibuyu Kisichoonjwa

"Kata! Kata, jamani!"

Danstan, mwongozaji wa tamthilia aliyetoka Mwanza, alivua kofia akaipiga gotini. Mara ya sita hiyo. Mara ya sita Eustakia alitakiwa kumpa mumewe wa kuigiza kibuyu cha pombe ya ndizi moja kwa moja, na mara ya sita alikuwa ameonja kwanza.

"Mama, nimekuomba usionje. Nataka mtazamaji akushuku wewe."

"Mkono unakwenda wenyewe, mwanangu."

Ungeachaje kwenda? Huku Murusagamba mtoto wa kike hufundishwa kuonja kabla hajafundishwa kupika: unayempa kinywaji, mwonyeshe kwanza kwamba hakina sumu. Majirani waliojaa uani walilijua hilo. Walikuwa wanakumbuka. Miaka tisa iliyopita Theonest, mume wake wa kweli, alipewa kibuyu papo hapo uani, Eustakia hakuonja, na jua halijazama mtu akawa maiti. Daktari hakuletwa. Tangu siku ile Melania, wifi yake, hajatia mdomoni hata maji ya nyumba hii.

Eustakia alikuwa amechoka, we acha tu. Uchovu wa jembe unalala nao, asubuhi umekwisha. Huu wake ulikuwa na miaka tisa. Kazi hii ya aibu aliikubali kwa sababu moja tu: Danstan alimsimulia mwisho wa tamthilia. Wataalamu wa uchunguzi, wale waigizaji wanne wenye ovaroli nyeupe waliokuwa wanasinzia ukutani na glavu zao, wanampima marehemu na kugundua ni moyo. Mjane hana kosa. Maneno hayo alitaka yasemwe uani kwake, Melania akiwapo.

Mara ya saba akaweza. Alikaza meno, akakitoa kibuyu bila kuonja, machozi yakimtoka. Mume wa kuigiza akanywa, akaanguka, akafa vizuri kabisa, kisha akapiga chafya.

"Inatosha, chafya tutaikata," Danstan akasema. "Fungasheni. Sehemu ya majibu tutarekodi Mwanza."

"Mwanza?" Eustakia alimshika mkono Teddy, binti mmojawapo wa wale wanne, aliyeigiza daktari. "Hapana, mwanangu. Sema hapa. Hata bila kamera."

Teddy alikuwa na macho mekundu kwa vumbi na kukosa usingizi. Alimtazama yule mama, akapiga mwayo, akavaa glavu zake upya.

"Tumemaliza uchunguzi," akasema kwa sauti. "Hatukukuta sumu. Moyo wa marehemu ulisimama wenyewe. Mjane hana hatia."

Melania, aliyekuwa katikati ya majirani, akacheka kwa uchungu. "Maigizo hayo! Hawa walimpima kaka yangu lini?"

"Najua, wifi." Eustakia aliketi chini. Miaka tisa, na hili nalo limepita bure.

"Lakini mara sita umekatazwa kuonja, mara sita umeonja," Melania akasema. " Siku ile ilikuwaje?"

"Ilikuwa Ijumaa Kuu. Mimi nilikuwa nimefunga, nisingeweza kuonja. Yeye, unamjua kaka yako, alitoka shamba na kiu yake."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Melania akakifuata kibuyu, pombe ikiwa bado imo. Kisha akakiokota. Eustakia akanyoosha mkono ili aonje kwanza, kama kawaida yake. Wifi yake akausukuma ule mkono pembeni, akainamia mrija wa kunywea, akanywa.