Kadi za Mbali

Kazi yangu ilikuwa kufundisha Kigiriki na Kilatini; ugonjwa wangu ulikuwa kadi. Kwa miaka kumi na mmoja nilikata maboksi ya sigara nikaandika habari za kiambishi kimoja tu: tele. Kwa Wagiriki ni mbali. Waitaliano wakakitia kwenye teleskopu, yaani darubini, Wafaransa kwenye telegrafu, Waingereza kwenye telepathia, mawazo yanayosafiri bila mtu kusema. Wajerumani, wakaidi wale, mara nyingi walishika neno lao wenyewe la mbali, fern. Sharti langu lilikuwa moja: maana isiyo na mashahidi wawili haiingii kwenye kadi.

Mwaka 1998 waasi walimchukua mwanetu Byiringiro kwenye njia ya Rutshuru. Hakurudi. Ilibaki picha moja, na mke wangu Nyirarukundo aliifungia kwenye sanduku jeusi la chuma pamoja na mashati ya mtoto. Kadi zangu zilikaa kwenye sanduku jingine, jeusi vilevile.

Januari 2002, moto wa volkano ya Nyiragongo ulipopita kijiji cha Munigi ukishuka mjini kwetu, Nyirarukundo alikuwa amembeba mama yake mgongoni.

"Papa Byiringiro, kamata sanduku! Photo ya mutoto iko mule!"

Nilikamata. Mkono wangu ulikwenda ulikozoea. Tulivuka mtaa wa Birere tukisukumana na umati hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na huko akafungua kifuniko. Kadi. Alizitazama, akafunga. Hadi leo ninajichukia, basi.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa chini ya mawe yanayofuka. Tulipanga chumba mtaa wa Keshero. Jumapili moja baada ya misa, aliniwekea kalamu mbele.

"Geuza hizi karatasi zako. Andika mutoto."

Niligeuza kadi moja. Pengo la jino la mbele, tulikubaliana. Urefu wake, tulikubaliana. Nikaandika: kovu juu ya jicho la kushoto.

"Ya kuume," akasema.

"Kushoto, mama. Ni mimi nilimupeleka hospitali."

"Na miye njo nilikuwa namunawisha uso kila asubui."

Tulibishana hadi sauti zikatukauka. Kidevu, tukatofautiana. Hata kicheko chake, kila mmoja alikuwa na chake. Nyirarukundo alilia, kisha akajifuta kwa kitenge na kunisogezea kadi.

"Futa kovu," akasema. "Si ulisema bashahidi babili?"

Nikafuta.