Maji ya Samaki wa Badawi

Mahfudha binti Sheikhan hakuwa mtu wa kushindwa na chumvi. Kibokoni nzima ilikula achari yake ya ndimu, na aliyeionja mara moja hakununua ya mwengine. Basi ukiniuliza ilikuwaje mwanamke kama huyo akawachoma samaki kwa chumvi, tena sebuleni mwake mwenyewe, nitakwambia ni ule ujuzi wake ndio uliomponza. Asiyejua angeuliza. Yeye alijua, kwa hiyo hakuuliza mtu.

Samaki wenyewe walikuwa wawili, wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, kila mmoja hazidi kidole gumba. Walikaa ndani ya sanduku la kioo juu ya meza ya sebuleni, pamoja na mawe matatu ya matumbawe na pampu ndogo ya umeme iliyotoa mapovu na kunguruma kutwa kucha. Sanduku lilikuwa la mumewe, Badawi, karani wa ghala kule Mbaraki. Mzungu mmoja wa bandarini, Tom, alipofunga virago kurudi kwao mwaka ule baada ya uhuru, alimwachia Badawi sanduku, na samaki wake, na vyombo vyake vyote. Badawi akalipakia kwenye mkokoteni, akaja nalo mpaka nyumbani huku akitabasamu peke yake. Mahfudha alisimama mlangoni akamwuliza kama mji mzima umekosa jaa la kutupia takataka mpaka zije kwake.

Tangu siku hiyo, miaka miwili, hakunyamaza. Aligomba kwa ajili ya maji yaliyomwagika mkekani, akagomba kwa harufu, akagomba kwa kelele za pampu. Kila Ijumaa baada ya sala Badawi alishika ndoo akenda Ras Serani kuteka maji safi ya bahari, na kila Ijumaa maneno ya mkewe yalimsindikiza mpaka kona. Yeye alishika njia. Akirudi hubadilisha sehemu ya maji, huwatupia samaki punje za kamba waliopondwa, kisha huketi akanywa kahawa yake. Kufuta kioo alimwachia Mahfudha, na Mahfudha alikifuta huku akiendelea kugomba.

Ijumaa ya mwisho iliangukia mwanzo wa masika. Mvua ilikuwa ikimwagika tangu alfajiri. Mahfudha alimwambia angoje ikatike, Badawi akasema samaki hawangoji. Ndipo mama huyu akatoa neno.

"Na wafe wote, nipumue," alisema.

Badawi akacheka, akachukua ndoo yake akatoka. Alirudi amerowa chapachapa. Kesho yake akaanza kukohoa, kifua kikamshika, na siku ya kumi wakamzika.

Neno hilo ndilo lililomkaa Mahfudha kooni. Waliokuja matangani walimsifu kwa subira yake, kumbe hana subira, ana hofu. Alijiambia kwamba asingelitamka, huenda Badawi angalikaa akangoja mvua ikatike. Lakini mtu akiambiwa vile na mkewe, atafanya nini ila kwenda zake? Mume alikwisha kuondoka. Sasa na samaki wakifa, dua yake mbaya itakuwa imepokelewa yote, haikubaki hata chembe ya kujitetea. Hakumwambia mtu haya. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu, samaki wale wasife.

Lakini alikuwa ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nje, na bahari haiji sebuleni. Kazi ya maji aliichukua wifi yake, Mejumaa, dadake Badawi, mwanamke wa miraba minne aliyekuwa akitoka kwake Ganjoni kwa miguu akafika Kibokoni bila kuhema. Wiki mbili alileta ndoo zake bila neno. Wiki ya tatu, baada ya mvua ya siku tano mfululizo, maji aliyoleta yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Alisema bahari yote ya kule iko vile, matope ya bara yameshuka. Waliyaacha yatulie. Hayakutulia.

Badawi akikutwa na hali hiyo alikuwa akichanganya maji yake mwenyewe hapo nyumbani, maji ya mfereji na chumvi ya mawe, na kuyapima kwa kijiti cha kioo alichoachiwa na Tom. Kijiti kile huelea, na mstari wake huonyesha kama chumvi imetosha. Sasa kijiti hakipo. Siku ya maziko wanawake waliisogeza meza wapate pa kukaa, kikaanguka kikavunjika, na nani angeuliza habari za kijiti siku kama ile.

Mahfudha hakuona tatizo. Chumvi na maji si ndiyo kazi yake? Alilaza maji ya mfereji mtungini siku nzima, akatia chumvi, akakoroga, kisha akachukua yai bichi akalitumbukiza. Hivyo ndivyo alivyofunzwa na mamake kupima maji ya achari. Yai likizama, ongeza chumvi. Likielea na kutoa kipaji juu ya maji, hapo yameshika. Yai lilizama. Akaongeza kata moja, likazama. Akaongeza na kuongeza mpaka yai likapanda juu likatulia, naye akamshukuru Mungu. Akateka maji ya zamani sanduku likapungua theluthi, akamimina mapya.

Hakumaliza hata kuufunika mtungi. Samaki mmoja alipanda juu ghafla, akalala ubavu, akazunguka kama aliyepigwa kofi. Wa pili alijibanza pembeni, mdomo wazi, anapumua mbio mbio. Mahfudha alikumbuka debe lililokuwa jikoni, lenye maji yaliyobaki ya Ijumaa ile ya mwisho, aliyoyateka Badawi kwa mikono yake. Mpaka siku hiyo alikuwa hajathubutu kuyagusa. Akayakimbilia, akajaza bakuli la wali, akawateka samaki kwa kawa akawatia humo. Yule wa pembeni alikaa sawa baada ya muda. Yule mwengine hakuamka.

Alimfunga kwenye kitambaa akamzika ndani ya chungu cha mrehani, kisha akaketi chini karibu na bakuli. Akawa anayachota maji kwa kata na kuyamimina tena polepole yaingie hewa, akachota akamimina, mpaka mkono ukafa ganzi. Hivyo ndivyo Mejumaa alivyomkuta asubuhi ya pili yake.

Mejumaa aliangalia bakuli, akaangalia sanduku, akaliona na yai mtungini. Akauliza ni nini. Mahfudha akamweleza habari ya yai, kwa sauti ya mtu anayesoma mashtaka yake mwenyewe. Mejumaa alifikiri kidogo. Halafu akalichukua lile yai, akalitia ndani ya debe la maji ya Badawi, na yai likazama mpaka chini. Wanawake wawili wakatazamana. Maji ya achari na maji ya bahari si kitu kimoja, na Mahfudha, mpishi wa achari wa miaka thelathini, ndiyo kwanza anaambiwa, tena na yai.

Sasa watapima kwa nini? Kuonja hakufai, maana ulimi wa mpishi wa achari hauogopi chumvi. Mahfudha ndiye aliyepata njia. Maji yenye chumvi ni mazito, alisema, na uzito una mizani. Walikuwa na maji ya bahari ya kweli humo debeni. Wayatie kwenye chupa, na maji ya kuchanganya wayatie kwenye chupa ya namna ile ile. Chupa zikilingana uzito, chumvi nayo imelingana. Mejumaa hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alikwenda kwa Yeslam, Mwarabu wa duka la kona, akamkuta anafunga duka apate kulala mchana, akarudi na mizani ya shaba kifuani na kilo mbili za chumvi kichwani.

Walichukua chupa mbili za soda. Kwanza walizipima tupu, zikalingana. Moja wakaijaza maji ya Badawi mpaka mdomoni, ya pili wakaijaza maji matamu ya mfereji. Upande wa Badawi ukashuka. Basi kazi ikawa ni hiyo: kutia chumvi ndooni, kukoroga, kujaza chupa, kuiweka, kutazama. Mejumaa alishika mizani, Mahfudha akatia chumvi, kidogo kidogo, kwa vidole vitatu. Nje mvua ilikuwa imekatika, na uchochoro ulisikika ukidondoka maji ya mapaa.

Pengine ni ule utulivu, au pengine ni vile alivyochoka. Mahfudha alisema bila kuinua macho kwamba yeye ndiye aliyemuua Badawi. Akalieleza lote, ile Ijumaa, ile mvua na lile neno, na namna Badawi alivyocheka akatoka. Akasema sasa mmoja amekwisha kufa, bado huyu. Alimaliza akangoja. Huyu aliye mbele yake ni dada wa damu wa marehemu, na kama atainuka avae buibui lake aende asirudi, atakuwa na haki.

Mejumaa aliitua mizani.

"Alipita kwangu siku hiyo," alisema. "Akitoka Ras Serani, ndoo mkononi, anachuruzika maji. Nikamwambia vua kanzu, akakataa, ati anachelewa. Alikuwa akicheka. Akaniambia, leo Mahfudha kanigombeza kisawasawa."

Mahfudha alichukua chumvi nyengine kwa vidole.

"Wewe wakumbuka Intisar alipoolewa Tanga?" Mejumaa aliuliza.

Atasahauje? Intisar alikuwa mtoto wao wa pekee. Siku alipopanda basi kwenda kwa mumewe, Mahfudha aliingia ndani, na kwa miezi saba nyumba ile haikusikia kwake ila maneno mawili matatu: chakula tayari, mlango umefungwa, inshallah. Hakuwa mgonjwa. Maneno tu ndiyo yaliyokuwa yamemwisha.

"Kaka yangu alikuja kwangu akilia," Mejumaa alisema. "Mwanamume mzima. Aliogopa utakwenda hivyo hivyo, kimya kimya. Alikuletea kanga, hukusema kitu. Kakuletea redio, hukusema kitu. Ndipo akaniambia atatafuta kitu cha kukuudhi. Siku aliyoleta lile sanduku ukamtukana mlangoni, alikuja mbio mpaka Ganjoni kunipa habari, ungedhani kazaliwa mtoto. Samaki, wifi yangu? Badawi hakuwa na haja na samaki. Aliwaogopa hata kuwashika."

Mahfudha alibaki na chumvi kati ya vidole. Alimtazama yule samaki wa bakulini, aliyekuwa akizunguka taratibu na kuzunguka tena. Kisha akaitia ile chumvi ndooni, akakoroga, akajaza chupa, akaiweka juu ya mizani. Mizani ikapanda, ikashuka, ikasimama sawa sawa. Waliosha sanduku na mawe yake, wakalijaza maji mapya, wakawasha pampu, na jua lilipoanza kuinama Mahfudha akamtia samaki ndani kwa mkono wake. Samaki alikwenda chini ya jiwe, akakaa kidogo, akatoka, akaanza kudonoa kioo.

Hapo ndipo maneno yalipomtoka. Alisimama mbele ya meza akaanza, kwanza kwa sauti ya chini, kisha ikapanda mpaka majirani wakasikia. Miaka miwili anafuta kioo cha watu! Miaka miwili anapondaponda kamba, anaanika mikeka, hapati usingizi kwa pampu, kumbe bwana mwenyewe hata hawapendi! Na kwenda kwenye mvua bila mwavuli, mtu mzima mwenye kifua kibovu, kwa jambo asilolipenda! Machozi yalikuwa yakimtiririka naye hakuyafuta. Mejumaa alijikunyata kwenye kiti akamwacha aseme.

Alisema mpaka pumzi ikamwishia. Akaegemea meza, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Ungeniambia, Badawi," alisema. "Ningekugombeza bure, bila samaki."

Mejumaa akenda jikoni kuteleka kahawa, na alipofika mlangoni akasikia wifi yake ameanza tena.